Je, wajua kwa nini katika akyupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba, tumbo likisumbua sindano huchomwa mguuni?

Kaa, kunja goti. Banza vidole vinne pamoja uvilaze chini ya pia ya goti. Vinapoishia, toka kwenye ukingo wa muundi uende upande wa nje kwa upana wa kidole kimoja, kisha kandamiza kwa gumba. Ukipapata utahisi kauzito, kama ganzi inayoteremka kuelekea wayo. Hapo ndipo Zusanli, nukta ya kuchomwa sindano. Vidole vinavyopimia ni vya mgonjwa mwenyewe, si vya tabibu, maana miguu hailingani.

Kwa Kichina zu ni mguu, san ni tatu, na li ni kipimo cha umbali, siku hizi mita 500. Husimuliwa kwamba msafiri aliyechoka hoi akipasisimua hapo hupata nguvu za kutembea li tatu zaidi. Mshairi wa Japani, Matsuo Basho, alipojiandaa kwa safari yake ndefu ya miguu mwaka 1689, alipaunguzia moksa, yaani majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga.

Sasa tumbo linaingiaje? Waganga wa Kichina husema mwili una njia za nguvu, na ile ya tumbo huanzia chini ya jicho hadi kidole cha pili cha mguu. Zusanli ni nukta yake ya 36 kati ya 45. Huitumia kwa tumbo kujaa gesi, kichefuchefu, kufunga choo, uchovu, hata maumivu ya goti.

Njia hizo hakuna aliyepasua mwili akazikuta. Neva, yaani mishipa ya fahamu, zipo. Mwaka 2021, timu ya mtafiti Qiufu Ma wa Chuo Kikuu cha Harvard ilipitisha umeme hafifu kwenye nukta hii kwa panya wa maabara. Neva fulani zilizo ndani ya tando za mguu zilipeleka habari hadi ubongoni, nao ukaamsha neva ya vagasi, itokayo ubongoni hadi viungo vya ndani, na tezi zilizo juu ya figo zikamwaga homoni za kutuliza uvimbe. Umeme uleule tumboni haukuleta kitu, kwa kuwa tando za huko hazina neva hizo.

Panya si mtu, bila shaka. Kwa kichefuchefu cha baada ya upasuaji, nukta ya mkononi, Neiguan, ndiyo iliyojaribiwa zaidi kwa binadamu. Kujikanda kwa gumba hakuna ubaya. Sindano mwachie aliyesomea, naye atumie mpya. Ukitapika damu, achana na muundi, kimbilia hospitali.