Nyutroni ya halo haizunguki kama mwezi

Nimeisikia tena, mara ya tatu muhula huu, kutoka kwa mwanafunzi mwerevu kabisa hapa Kampala, kuhusu viini vya atomu vyenye halo, yaani nyutroni iliyotanda mbali nje ya kiini: "Mwalimu, beriliamu-11 ni beriliamu-10 katikati, halafu nyutroni moja inaizunguka kwa mbali kama mwezi." (Nambari 11 ni jumla ya protoni na nyutroni.)

Hapana! Mwezi unashikwa na graviti, nayo hufika mbali. Nguvu ya nyuklia hukoma femtomita chache tu (femtomita ni sehemu ya milioni ya nanomita) kutoka ukingoni mwa kiini. Kule nje nyutroni inashikwa na nini? Na hiyo ya beriliamu-11, kwa sehemu kubwa, iko katika hali ya s, ambayo momenta yake ya mzunguko ni sifuri. Kisichozunguka kitaitwaje mwezi?

Tunachokiona ni mkia wa fanksheni ya wimbi (inayoeleza uwezekano wa kuikuta nyutroni kila mahali), uliovuja hadi mahali ambapo kwa hesabu za Newton nyutroni haipaswi kuwapo. Urefu wa mkia unatokana na nishati ya kutenganisha, yaani inayohitajika kuing'oa nyutroni. Nyutroni ya kawaida hung'oka kwa takriban MeV 8 (MeV ni kipimo cha nishati), na wimbi lake nje ya kiini hushuka hadi kama theluthi kila baada ya femtomita 1.7. Hii yetu hung'oka kwa MeV 0.5 tu: piga hesabu, utapata karibu femtomita 6.8. Nguvu ni ileile, mfungo ndio umelegea. Kila mwaka nawasihi wachore mkia huo kwa penseli kabla ya kugusa kompyuta. Nani anasikia?

Wengine husema nyutroni hazina chaji, hazisukumani, basi ongeza upendavyo kwenye kiini. Nyutroni mbili peke yake hazishikani, sembuse kumi. Lithiamu-10 nayo haishikani. Lakini lithiamu-9 pamoja na nyutroni mbili hutulia kama mafiga matatu: ondoa moja, chungu chini. Hiyo ndiyo lithiamu-11, ambayo vipimo vya mwanafizikia wa Japani Tanihata na wenzake kule Berkeley, Marekani, 1985, vilionyesha ni kubwa kuliko kanuni ya mzizi wa tatu (nusu-kipenyo cha kiini hukua kwa mzizi wa tatu wa idadi ya protoni na nyutroni zake) inavyoruhusu.

Wanaouliza kama lithiamu-11 yaweza kuwa bomu: nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, haufiki milisekunde 9.

Eti nadharia ya viini hivi haifanyiki Uganda kwa kuwa hatuna mtambo wa majaribio? Vipimo waachieni Japani na Marekani. Mlinganyo wa Schrödinger wa nyutroni moja, unaotoa ile fanksheni ya wimbi, unatatuliwa kwa sekunde chache kwenye laptopu yangu kuukuu, umeme ukiwepo.