Je, wajua kwa nini chuma cha vepu kinazidi kung'aa kadiri unavyokikwaruza?

Chukua vepu, yaani sigara ya kielektroniki, yenye bodi ya chuma iliyochakaa, rangi imebanduka kwenye kona, umeshaichoka kuiangalia. Unaweka betri pembeni, unafungua kila kinachofunguka, halafu unaishambulia bodi na ile mashine ndogo ya mkono inayozunguka kwa kasi, wengi tunaiita tu Dremel hata kama ni ya kampuni nyingine. Unakwangua rangi, unapiga msasa, unapiga msasa mwingine, unasugua na polishi, na mwisho wa siku unaona sura yako kwenye chuma. Sasa hebu fikiria kidogo, kila ulichokifanya hapo ni kukwaruza, hakuna hatua hata moja uliyoongeza kitu juu ya hicho chuma, kwa hiyo inakuwaje kitu kilichokwaruzwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho kitoke kama kioo?

Jibu lipo kwenye ukubwa wa mwanga wenyewe. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa kama nanomita 400 upande wa zambarau mpaka 700 upande wa nyekundu, yaani hata elfu moja ya milimita haufiki. Mkwaruzo ukiwa mkubwa kuliko hapo, mwanga ukiugonga unatawanyika kila upande, jicho lako linaambulia ukijivu usio na picha ndani yake. Mkwaruzo ukiwa na kina kidogo sana kuliko hilo wimbi, mwanga unakuwa kama hauuoni, unadunda wote kwa pembe ileile uliyoingilia na picha inarudi ikiwa nzima. Kwa hiyo ule uso unaong'aa bado una mikwaruzo, tena mingi kweli, ila imekuwa midogo kuliko kitu unachotumia kuitazamia. Isaac Newton alishaliandika hili tangu 1704 akizungumzia kioo, kwamba ukisugua kwa mchanga au unga wowote hata uwe laini vipi bado unachofanya ni kukwaruza na kuvunja vile vinundu, mpaka mikwaruzo iwe midogo isionekane tena.

Ukishalielewa hilo, kazi yote iliyobaki inajieleza yenyewe.

Chukulia namba za msasa. Msasa wa P220 una punje zenye wastani wa kama mikroni 68 (mikroni moja ni elfu moja ya milimita), P400 zinashuka kwenye 35, P1000 ni kama 18, na P2000 ni kama 10. Punje haizami yote kwenye chuma, inachimba kidogo tu kwa ncha yake, ndo maana ukifika P2000 unaanza kuona taa ya juu inajitokeza kwenye bodi japo ina ukungu. Lakini kila msasa una kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia na kuacha ya kwake iliyo midogo. Ukiruka kutoka 220 kwenda 1000 kwa sababu una haraka, ule wa 1000 utasugua vilele tu na mabonde ya 220 yatabaki chini yamejificha, na hutayaona hapo kwa sababu chuma chote bado ni kijivu. Utayaona mwisho kabisa ukishapaka polishi, pale kila kitu kimekuwa kioo halafu kuna mistari mitano imekatiza katikati, na hiyo polishi haiwezi kuifuta hata usugue mpaka kesho, inabidi urudi nyuma. Dawa yake ni rahisi: kila ukibadilisha namba badilisha na mwelekeo, kama huu ulipiga kwa urefu wa bodi ule unaofuata piga kwa upana, halafu shika bodi chini ya taa uiinamishe taratibu. Mistari ya zamani itaonekana imekatiza ile mipya kama msalaba. Ikiwepo hata mmoja, endelea na namba hiyohiyo.

Hapa nitasema wazi kitu ambacho wapenzi wa mashine hawapendi kukisikia: kwenye hatua hii ya katikati mkono unaishinda mashine. Kigurudumu cha hiyo mashine ni kidogo, kinagusa sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja, na popote unapositasita sekunde moja zaidi kinachimba kidimbwi. Kwa macho huoni kitu, ila bodi ikishang'aa picha ndani yake inacheza kama maji kwenye beseni, mstari ulionyooka unaonekana umepindapinda. Mwanga hausamehi. Kwa hiyo sehemu bapa funga msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, weka maji kidogo ili unga usizibe punje, upige kwa mkono. Mashine iachie kazi mbili inazozijua: kutoa rangi kwenye kona na mifereji ambayo kidole hakifiki, na kupitisha polishi mwishoni.

Tukija kwenye kutoa rangi sasa, ujue kwanza unachokitoa ni nini maana si kila rangi ni rangi. Bodi nyingi za alumini zimepitishwa anodaizi, hapo chuma kimetumbukizwa kwenye asidi na kupitishiwa umeme mpaka kikajiotesha ngozi ya oksidi juu yake, mara nyingi unene wa mikroni 5 mpaka 25, na rangi imenywewa ndani ya vitundu vya hiyo ngozi kabla havijazibwa. Oksidi ya alumini ndiyo hiyohiyo inayotengenezewa punje za misasa mingi, ndo maana ngozi hii ni ngumu mno na msasa wako unachakaa haraka, halafu ikishatoboka alumini ya chini ni laini kupita kiasi na unaila ghafla bila kutarajia. Kuna watu wanaitoa kwa kostiki soda, na kweli inatoka upesi, lakini kostiki haiishii kwenye oksidi, inaila na alumini yenyewe huku ikitoa gesi ya hidrojeni inayowaka, na tone moja kwenye jicho linaweza kukupofusha. Mimi kwa bodi ndogo kama ya vepu siioni sababu ya kufika huko, msasa unatosha.

Halafu kuna bodi za aloi ya zinki. Hizi ndo zinawaangusha watu wengi. Zimemiminwa kwenye kalibu, ukiishika unahisi uzito wa maana, na hapo ndo pa kuzitambulia: zinki ina uzito kama mara mbili na nusu ya alumini kwa ujazo uleule. Juu yake kunaweza kuwa na rangi, au tabaka za shaba, nikeli na kromiamu. Ukianza kukwangua ile ya kromiamu unafika mahali doa la rangi ya shaba linachungulia kwenye kona, doa linapanuka, katikati yake panatokea ukijivu hafifu, hiyo ndo zinki yenyewe. Ukiendelea kuchimba chini ya ngozi ya nje unakutana na vitundu vidogovidogo vilivyobaki wakati wa kumimina, na vitundu havipigiki polishi, kadiri unavyochimba ndo vinazidi kufunguka. Kama bodi yako ni ya zinki na imepakwa kromiamu nzuri, iache hivyohivyo, ipige polishi ya juu juu tu. Stenlesi na shaba, nyekundu au njano, hazina usumbufu huu, kwa sababu chini ya ngozi ni chuma kilekile mpaka ndani.

Kuhusu kasi. Mashine hizi nyingi zinaenda kuanzia mizunguko 5,000 mpaka kama 35,000 kwa dakika, na anayeanza lazima atakimbilia juu kabisa. Piga hesabu: kigurudumu cha felti, yaani sufu iliyoshindiliwa, chenye kipenyo cha milimita 25 kikizunguka mara 10,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kama mita 13 kwa sekunde. Kipeleke 30,000 unapata mita 39, hiyo ni kama kilomita 140 kwa saa, unaisugua bodi ndogo kwa kasi ya gari la barabara kuu. Joto linapanda pale pale. Polishi inaungua na kuganda kama lami nyeusi, stenlesi inageuka rangi ya dhahabu kisha bluu, na kama uko karibu na kitufe zile pete za plastiki zinazotenganisha umeme zinalainika. Kasi ya chini, mkono mwepesi, na usitulie sehemu moja. Brashi za waya ndo kabisa, zile za Dremel mwisho wake ni 15,000, ukizidisha nyuzi zinachomoka na kuruka kama sindano. Miwani ya kinga hapo haina mjadala.

Joto hilo lilishawahi kuleta ubishi mkubwa wa kisayansi. Mwanakemia Mskoti George Beilby alichapisha 1921 wazo kwamba kung'arisha chuma ni kukifanya kitiririke, yaani vilele vinasukumwa na kujaza mabonde na kuacha ngozi laini kama kioo juu. Mwaka 1937 watafiti Bowden na Hughes wakaonyesha kuwa kiwango cha kuyeyuka cha ile polishi kikilinganishwa na cha chuma kina uzito kuliko hata ugumu wake, kwamba pale panapogusana vilele vinalainika kwa joto. Baadaye darubini kali zaidi zikaonyesha kwamba mara nyingi ni kukata tu, punje ndogo zinanyoa chuma kama zile kubwa. Newton hakuwa mbali.

Na polishi zenyewe ni punje vilevile, zimekandwa na mafuta au nta zikawa kama sabuni. Ya kahawia, tripoli, ni silika, inafuta mikwaruzo ya msasa wa mwisho. Nyeupe huwa ni oksidi ya alumini. Kijani ni oksidi ya kromiamu, hii ndo rafiki wa stenlesi. Nyekundu ni oksidi ya chuma, kimsingi kutu iliyosagwa laini mno, inapendwa kwenye shaba, fedha na dhahabu. Kila rangi na kigurudumu chake, usichanganye, maana punje chache za ile kubwa zikibaki kwenye felti zitakwaruza kazi yote upya.

Vumbi sasa, na hapa naomba unisikilize. Vumbi la chuma linapitisha umeme, na betri ya 18650, ile ya lithiamu ya mviringo mrefu, ikipata njia fupi kati ya chanya na hasi inaweza kulipuka moto, kwa hiyo betri iwe mbali kabisa na meza ya kazi, na kama vepu ina chipu na skrini vitoe vyote kabla ya kugusa mashine. Vumbi laini la alumini linashika moto, na ukilichanganya na vumbi la chuma chenye kutu ndo unatengeneza moto usiozimika kirahisi, safisha meza kati ya kazi na kazi. Shaba njano inayochongwa kirahisi mara nyingi ina madini ya risasi ndani, kama asilimia 3, barakoa ivaliwe na mikono ioshwe. Glavu za kitambaa usivae, zinanaswa na kitu kinachozunguka zikakuvutia kidole. Ukimaliza osha bodi kwa maji ya moto na sabuni, kisha spiriti kwenye kila uzi wa kufungia na kila tundu, kwa sababu nta ya polishi ikibaki karibu na koili, ule waya unaopata moto, utaivuta kifuani.

Chuma kilichovuliwa ngozi kiko uchi. Stenlesi itakaa iking'aa kwa sababu ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 inayojijengea kinga yake papo hapo. Alumini itafifia polepole na kukwaruzika na funguo mfukoni, maana ile anodaizi uliyoitoa ndiyo ilikuwa ngao. Shaba itashika alama za vidole ndani ya siku chache na kuanza kuwa kahawia, wengine wanaipenda hivyo, wengine wanapaka vanishi ya wazi. Ukipaka, ziba kwanza nyuzi na sehemu zote zinazogusana, kwa sababu kwenye vepu za mrija zisizo na chipu bodi yenyewe ndiyo waya wa hasi, na vanishi ikiingia kwenye nyuzi umeme haupiti.