Je, Impreza Yako ni STI ya Kiwandani au Imevishwa?

Ile nembo ya waridi yenye herufi STI, jina la toleo kali zaidi la Subaru Impreza, ni kibandiko tu. Utaikuta katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam, na dakika tano baadaye iko nyuma ya gari lolote unalotaka. Spoila ndefu, rimu za rangi ya dhahabu, boneti yenye pua ya kuvuta hewa, viti vya kukumbatia mbavu: vyote vinauzwa, na vyote vinafungwa kwa spana. Kuvisha gari si kosa. Wengine tunapenda hivyo, na zipo Impreza zilizovishwa zinazokimbia kuliko STI halisi iliyochoka. Kosa linaanza pale muuzaji anapotaka bei ya STI kwa gari ambalo halikutoka kiwandani likiwa STI.

Kazi yangu ni kukagua magari kabla hayajauzwa au kukatiwa bima, na kuwafundisha vijana wanaojifunza kazi hiyo. Katika magari ya zamani tunayoletewa, hakuna linalozua ubishi kama Impreza ya kizazi cha kwanza, ile ya 1992 hadi 2000 ambayo mafundi wote wanaiita GC8. Sababu inajulikana. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akarudia mwaka 2000, na watoto waliosimama vumbini kando ya barabara siku zile leo ni watu wazima wenye pesa ya kununua ndoto zao.

Kanuni ninayowapa wanafunzi siku ya kwanza ni hii: kinachofunguka kwa spana hakithibitishi kitu. Tafuta kilichochapwa, kilichochomelewa na kilichoandikwa na kiwanda.

Anza na namba ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana namba fupi inayoanza na jina la bodi, kisha kistari, kisha tarakimu. Kwenye Impreza hii imechapwa juu ya chuma cha ukuta ulio nyuma ya injini. Ikianza na GC6, gari lilizaliwa na injini ya lita 1.8, na hapo mazungumzo ya STI yameisha, hata kama chini ya boneti kuna tabo (turbo) inayopiga mluzi. GC1 na GC2 ni za injini ndogo zaidi. GF8 ni ya mgongo mrefu, ile ya kubebea mizigo, na STI za umbo hilo zilikuwepo kweli, kwa hiyo usiicheke.

Lakini hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa. Mtu anaona GC8 kwenye logbuku, anafurahi, analipa. GC8 inakuambia bodi ya sedani au ya milango miwili yenye injini ya lita 2.0, basi. WRX ya kawaida, toleo la tabo lililo chini ya STI, ni GC8. STI ni GC8. Hata SRX, ambayo haikuwa na tabo kabisa, ni GC8. Logbuku ya Kenya na kadi ya gari ya Tanzania kwa kawaida zinaishia kwenye jina la Impreza, namba ya chesisi na namba ya injini. Neno STI ukilikuta pale, jiulize nani aliliandika na alisoma wapi.

Jibu liko kwenye kibati kidogo cha chuma ndani ya boneti. Kibati hicho kina namba ya chesisi, msimbo kamili wa modeli, msimbo wa rangi, wa mapambo ya ndani na wa giaboksi. Soma msimbo kamili wa modeli polepole. Baada ya GC8 inakuja herufi moja inayotaja toleo la mwaka, na herufi hiyo ni silaha yako kubwa. B ni ya STI ya kwanza kabisa ya mwaka 1994, C ni ya toleo la pili, D la tatu, E la nne, F la tano na G la sita. A ni ya Impreza za mwanzo, kabla STI haijaingia sokoni. Kwa hiyo mtu akikuletea "Version 6" ambayo kibati chake kinasema D, huna haja ya kubishana naye kuhusu taa wala bampa. Kijana mmoja alituletea gari la namna hiyo tayari ameshalipa. Bampa lilikuwa la toleo la sita, taa pia, dashibodi pia. Gari lenyewe lilikuwa WRX ya 1996, nzuri tu, isipokuwa alikuwa amenunua mavazi yake kwa bei ya gari.

Tarakimu na herufi zinazofuata hapo ndizo zinazotenganisha WRX na STI. Usijaribu kuzikariri. Chukua namba ya chesisi uiingize kwenye katalogi ya vipuri ya Subaru ya soko la Japani, ambayo mawakala na wauza vipuri wengi wanayo. Katalogi itakutajia daraja la gari, mwezi lilipotengenezwa na giaboksi iliyofungwa. Kisha linganisha na kibati. Vikipishana, ama kibati ama namba imehamishwa kutoka gari jingine.

Sasa injini, maana hapa kila mtu ni mtaalamu. Utaambiwa, "Hii ni EJ20K, kwa hiyo ni STI." Si kweli. EJ20K ilifungwa kwenye magari ya herufi D na E, ya WRX na ya STI vilevile, na zote mbili ziliandikwa nguvu farasi 280, kwa kuwa watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo. EJ207 ilikuja na herufi F na G. Injini inakusaidia kujua kama inaendana na mwaka wa bodi, haikusaidii kujua daraja. Tena injini ndiyo kitu cha kwanza kubadilishwa katika ukanda wetu. Ziliundwa kunywa petroli ya oktani 100 inayouzwa Japani, zikaja kunywa ya kwetu, pistoni zikapasuka, na fundi akanunua nusu gari iliyokatwa Japani akahamisha kila kitu. Kubadilisha injini ni halali. Kutoibadilisha kwenye kumbukumbu za usajili ndiko kunakokuletea taabu siku ya kudai bima. Na ile rangi nyekundu kwenye bomba la kuingizia hewa, ambayo wauzaji hupenda kuionyesha kwa tochi? Kopo moja la rangi linatosha.

Kwa wanaotafuta Type RA, zile zilizopunguzwa uzito kwa ajili ya mashindano, angalia tundu la hewa juu ya paa. La kiwandani lina kingo zilizokunjwa na bati la kuimarisha chini yake. Shusha kitambaa cha dari kidogo upande mmoja, ukikuta alama za grainda na silikoni, tundu hilo lilitobolewa mtaani. RA na Type R (ya milango miwili) za STI pia zilikuwa na difrensho ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inayorekebishwa na dereva kwa gurudumu dogo karibu na breki ya mkono. Gurudumu linaweza kuwepo halafu lisiwe limeunganishwa na chochote. Nimekuta moja iliyogandishwa kwa gundi.

Kuna udanganyifu mmoja ambao si wa kucheka nao. Mtu anachukua STI iliyogongwa vibaya, anakata kipande cha ukuta chenye namba, anakichomelea kwenye bodi ya gari jingine, mara nyingine gari la wizi. Toa vifuniko, safisha eneo la namba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, pitisha kidole. Chuma cha kiwandani ni tambarare pande zote, na tarakimu zimelingana kina na nafasi. Ukihisi mstari, ukaona rangi imebadilika, au tarakimu moja imekaa upande, usimwambie muuzaji kitu. Mshukuru, ondoka, kisha nenda polisi. Hapo si suala la STI tena, maana ukinunua gari hilo unaweza kunyang'anywa hata kama hukujua.

Karatasi nazo zina la kusema, hasa kwa Kenya. Sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane ina maana kwamba GC8, ambayo uzalishaji wake uliisha mwaka 2000, haijaingia kwa njia ya kawaida kwa muda mrefu sasa. Nyingi tulizonazo zimekaa hapa na kupita mikononi mwa watu wengi. Omba cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Mmiliki makini huwa amekihifadhi. Hakitaji STI kwa jina, lakini kina namba ya chesisi, mwezi gari liliposajiliwa mara ya kwanza na modeli ya injini, na hivyo vitatu vikikubaliana na kibati umepiga hatua kubwa.

Wanaotaka Impreza inayofuata, ile ya kuanzia mwaka 2000, mambo ni mepesi kwa magari ya soko la Japani: GDA ni WRX na GDB ni STI, na STI ina giaboksi ya gia sita ambayo msimbo wake kwenye kibati unaanza na TY856. Kiwanda kilituhurumia.

Nimalizie na 22B, toleo adimu la STI, kwa sababu kila mwaka tunapigiwa simu kuihusu. Ilitolewa mwaka 1998, 400 kwa soko la Japani, 16 kwa Uingereza na 5 kwa Australia, ikiwa na injini ya lita 2.2 na mabega mapana. Zile za Japani, kwenye karatasi za usajili, modeli yake inafuatwa na alama 改, inayosomwa "kai", maana yake gari lililobadilishwa kutoka lile la msingi. Mara ya mwisho aliyepiga alikuwa na uhakika mkubwa. Rangi ya buluu anayo, mabega anayo, hata kibati cha namba kati ya viti anacho. Nikamuuliza gari lina milango mingapi.

"Minne, mzee. Kwani?"

22B zote zilikuwa za milango miwili.