Bei ya fundi si bei ya ukarabati

Katika kazi yangu ya ukadiriaji majenzi hapa Dar es Salaam, swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni lawama iliyovaa sura ya swali: kwa nini mkandarasi aliyesajiliwa ametaja shilingi milioni 38 wakati fundi wa mtaani amesema milioni 5? Anayeuliza huwa ameshafanya uamuzi wake, na anachongoja kwangu ni kuambiwa kwamba mkandarasi ni mwizi. Simwambii hivyo, kwa sababu karatasi mbili alizoziweka mezani hazizungumzii jambo moja.

"Fundi ni nafuu, mkandarasi anauza jina"

Tuchukue ukarabati wa kawaida wa nyumba ya vyumba vitatu: kubomoa ukuta ulio kati ya sebule na jiko, kupaua upya na kubadilisha bati, kuweka vigae na kubadilisha mabomba. Makadirio ya fundi huwa nusu ukurasa wa daftari, na juu yake pameandikwa "ufundi", maana yake nguvu kazi peke yake. Saruji, nondo, mbao, bati, vigae na gundi yake, usafiri wa mchanga na kokoto, kukodi mashine ya kuchanganyia zege, kuondoa kifusi, mlinzi wa usiku na maji ya ujenzi vyote ni juu ya mwenye nyumba, na hakuna hata kimoja kilichotajwa kwenye daftari lile. Mkandarasi ameleta BOQ, yaani mchanganuo wa vipimo na bei za kazi nzima, ambamo vitu hivyo vimepimwa na kuwekewa bei mstari kwa mstari, pamoja na gharama za awali, usimamizi, bima, faida yake na, kama amesajiliwa kwenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kodi hiyo pia. Anayelinganisha jumla za karatasi hizo mbili analinganisha mshahara wa dereva na bei ya gari.

Ukitaka ulinganisho wa haki, toa nakala ya BOQ ya mkandarasi, futa safu ya bei, kisha mpe fundi wako aijaze yeye mwenyewe, vifaa vikiwemo. Kuna atakayeijaza, na hapo utaona tofauti ikisinyaa mpaka ibaki ile ya usimamizi, bima, kodi na faida. Kuna atakayekataa kuijaza kwa maelezo kwamba "hesabu tutaziona mbele ya safari", na huyo amekwisha kukujibu.

Tofauti inayobaki si fedha ya bure. Mwenye nyumba anayeajiri fundi moja kwa moja amejifanya mkandarasi wa nyumba yake bila kujua: ndiye mnunuzi, ndiye mtunza stoo, ndiye msimamizi, na kwa kawaida anazifanya kazi hizo kwa simu akiwa ofisini kwake. Ananunua vigae pungufu, halafu akirudi dukani anakuta boksi zenye namba nyingine ya toleo, na sebule inapata rangi mbili ambazo hazikuwa kwenye mpango. Kibarua akianguka kutoka kwenye paa, mkandarasi ni mwajiri anayetakiwa kuwa amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ilhali kibarua aliyeokotwa asubuhi na fundi hana mtu wa kumtazama isipokuwa wewe mwenye nyumba.

Sehemu inayonikera zaidi, hata hivyo, ni ule ukuta wa jiko. Ukishauondoa, mzigo uliokuwa juu yake unahitaji mhimili wa zege, na mhimili huo unashikiliwa na mirunda mpaka zege lipate nguvu ya kujibeba. Hesabu za usanifu hutegemea nguvu ya zege la siku 28, na zege lenyewe linatakiwa limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua 7. Fundi mwenye kazi tatu anaing'oa mirunda siku ya nne, kwa kuwa inahitajika kwenye nyumba nyingine, na maji yalimwagwa siku mbili tu. Baada ya miezi kadhaa unaonekana ufa mwembamba unaopanda kimshazari kutoka kona ya uwazi ule, nawe unaambiwa kuwa ni ufa wa plasta, unazibwa, unapakwa rangi, nao unarudi palepale. Mkandarasi naye anaweza kufanya uzembe huohuo, sikatai, lakini yeye ana usajili wa kupoteza na bodi ya kumshtakia.

Sidharau mafundi; wale walio bora ndio hao hao wanaofanya kazi chini ya makandarasi. Kama unapaka rangi, unabadilisha vitasa au unaweka vigae vya bafu moja, mwite fundi, wala usinisumbue mimi. Ninachokataa ni kumpa fundi mmoja kazi yenye paa, mhimili, mabomba na umeme, kisha kuita hali hiyo kubana matumizi. Wenzetu walio ughaibuni huingia katika mtego huu kwa wepesi zaidi, kwa kuwa hutuma fedha kwa ndugu, na ndugu huyo, ambaye hajawahi kusoma ramani, anageuzwa msimamizi wa ujenzi, kisha anatuhumiwa wizi pale saruji inapokwisha kabla ya wakati.

"Ana cheti, inatosha"

Haitoshi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, husajili makandarasi wa majengo kwa madaraja, kuanzia la kwanza hadi la saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya mradi isipokuwa la kwanza. Usajili una ada ya kila mwaka, na asiyelipa anaweza kufutwa, ingawa cheti chake kitaendelea kuning'inia ukutani. Kwa hiyo lichukue jina la kampuni na ulihakikishe kwa bodi yenyewe: lipo, daraja gani, liko hai? Kisha uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: nani atakuwa eneo la kazi kila siku? Cheti cha kuazima kipo, na ukionyeshwa kampuni moja huku ukiambiwa ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, simamisha mazungumzo hapo hapo.

"Ni ukarabati tu, hauhitaji kibali"

Rangi haihitaji. Kuondoa kuta zinazobeba mzigo, kuongeza ghorofa, kuchimba chini ya jengo au kubadilisha matumizi yake ni mambo ya kupeleka halmashauri, michoro ikiwa imeandaliwa na wataalamu waliosajiliwa. Jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu lilikuwa na maduka yanayofanya biashara ndani yake. Jengo kusimama jana si ushahidi kwamba litasimama baada ya kuguswa.

"Mkataba ni wa watu wasioaminiana"

Wateja huniambia: "Dada, huyu ni mtu wa kwetu, tunajuana tangu utotoni." Vizuri, basi hatakataa kusaini. Baraza la Taifa la Ujenzi lina mikataba ya mfano ya kazi za majengo, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni wa kwako. Nisichokubali kulegeza ni malipo: lipa kwa kazi iliyopimwa, usilipe kwa wiki zilizopita, na zuia sehemu ya kila malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, mpaka kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe, yaani ule muda baada ya kukabidhiwa kazi ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro zake. Chagua kipindi kitakachopitia masika, kwa maana paa halina shahidi mwingine. Anayetaka nusu ya fedha zote kabla ya kuleta hata toroli anataka kumalizia kazi ya mteja mwingine kwa fedha yako.

"Mkandarasi wa majengo atamaliza na umeme"

Atamaliza kama ana mtu mwenye leseni ya ufundi umeme ya daraja linalofaa kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na jina la mtu huyo ulijue kabla ya kazi kuanza. Nyumba nyingi za zamani zina nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio, na sasa zinaongezewa viyoyozi na jiko la umeme juu yake. Kabla ukuta wowote haujapigwa plasta, upige picha nyaya na mabomba yakiwa wazi, tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa ndani ya picha kutoka kona ya chumba, na umtumie mkandarasi nakala siku hiyohiyo.