Nguvu ya Warumi ilitoka wapi, ikaishia wapi? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Walitawala kwa sababu hawakushindika vitani.

Walishindwa mara nyingi, na vibaya. Mwaka 216 KK huko Cannae, kusini mwa Italia, Hannibal, jemadari wa Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, aliwazingira akawaulia askari zaidi ya 45,000 kwa siku moja, na hiyo ni hesabu ya chini miongoni mwa waandishi wa kale. Dola nyingine ingeomba sulhu. Seneti, baraza kuu la Roma, ilikataa hata kuwakomboa mateka wake. Ikanunua watumwa 8,000 waliokubali kupigana, ikawapa silaha. Miaka 14 baadaye Hannibal akashindwa huko Zama, Afrika Kaskazini.

Nguvu yao ilikuwa katika mpango wa washirika. Mji wa Italia ulioshindwa na Roma haukutozwa kodi ya kila mwaka. Ulidaiwa vijana wa jeshi. Hivyo kila ushindi uliongeza askari wa vita inayofuata. Mwanahistoria wa kale Polybius anataja kwamba mwaka 225 KK, Roma na washirika wake walikuwa na zaidi ya watu 700,000 wa miguu na 70,000 wa farasi waliofaa kuitwa vitani. Hannibal aliteremka kutoka milima ya Alps na watu 26,000. Askari wazoefu aliowapoteza hakupata wa kujaza nafasi zao.

Dhana: Carthage ilimwagiwa chumvi ili ardhi isiote kitu tena.

Mji ulichomwa kweli, mwaka 146 KK, na waliosalia, wapatao 50,000, wakauzwa utumwani. Lakini chumvi haimo katika maandishi yoyote ya kale; imeongezwa na waandishi wa karne za karibuni. Warumi wenyewe waliujenga mji huo upya, na kwa karne kadhaa ngano na mafuta ya zeituni ya Afrika Kaskazini vililisha jiji la Roma. Jambo hili lina uzito mkubwa huko mbele.

Dhana: Julius Caesar alikuwa mfalme mkuu wa kwanza.

Alikuwa dikteta wa maisha, akauawa tarehe 15 Machi 44 KK. Wa kwanza ni Augustus, mwaka 27 KK. Jina la Caesar ndilo lililogeuka cheo: Kaisari wa kwenye Injili, yule wa "mlipeni Kaisari", ni Tiberius.

Dhana: Anasa na uasherati ndivyo vilivyoiangusha Roma.

Karamu zinazosimuliwa sana ni za karne ya kwanza, enzi za wafalme kama Nero, na dola, iliyokuja kugawanyika magharibi na mashariki, ikadumu magharibi miaka 400 zaidi. Ukitaka kuona ugonjwa wenyewe, shika sarafu mkononi.

Dinari ya Augustus ilikuwa na uzito wa karibu gramu 3.9, karibu yote madini ya fedha. Mwaka 64 Nero aliipunguza uzito na kuongeza shaba. Kufikia enzi za mfalme Septimius Severus (193–211), fedha ilibaki takriban nusu. Karibu na mwaka 270, sarafu iliyochukua nafasi yake ilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu juu, chini ya asilimia 5. Sababu ni mshahara wa jeshi. Kati ya 235 na 284 walipita watawala zaidi ya 20, wengi wakiinuliwa na askari, na kila aliyeinuliwa alipaswa kuwatunza waliomwinua. Watu wakaficha sarafu nzuri, wakatumia mbovu, bei zikapaa. Mwaka 301 mfalme Diocletian akapanga bei za juu kabisa, adhabu ya kuzizidisha ikiwa kifo. Bidhaa zikatoweka sokoni.

Dhana: Sumu ya madini ya risasi kwenye mabomba ya maji iliwamaliza.

Risasi ilikuwamo majini, lakini maji yalitiririka muda wote na chokaa ikaganda ndani ya mabomba na kuyafunika. Tena miji ya mashariki ilitumia mabomba hayo hayo, na dola ya huko haikufa.

Dhana: Makabila ya nje yalivamia ghafla.

Mwaka 376 Wagoti, kabila la Kijerumani, waliokimbia Wahuni (Huns, wavamizi wapanda farasi kutoka mashariki) waliomba ruhusa kuvuka mto Danube, wakapewa. Maofisa wa Kirumi waliopaswa kuwalisha wakageuza njaa kuwa biashara: mbwa mmoja wa kuliwa kwa mtu mmoja wa kuuzwa utumwani, watoto wa wakubwa wao wakiwemo. Wagoti wakaasi. Mwaka 378 huko Adrianople walimuua mfalme Valens na takriban theluthi mbili ya jeshi lake.

Pigo zito zaidi kwa magharibi, kwa maoni yetu, ni la 439, Wavandali, kabila jingine la Kijerumani, walipoteka Carthage. Ngano na kodi ya Afrika vikakatika kwa mpigo. Bila kodi hakuna mshahara, bila mshahara hakuna jeshi la kurudisha Afrika. Mwaka 468 mashariki ilituma zaidi ya merikebu 1,000 kuikomboa. Wavandali wakasukumia merikebu zinazowaka moto katikati ya merikebu hizo.

Dhana: Dola ya Roma iliisha mwaka 476.

Mwaka huo askari walioajiriwa Italia walidai ardhi, wakanyimwa. Kiongozi wao Odoacer akamwondoa kijana Romulus Augustulus na kupeleka alama za kifalme Constantinople (Istanbul ya leo), mji mkuu wa dola ya mashariki, ambako Kaisari mwingine aliendelea kutawala. Watu wa huko walijiita Warumi. Ndio Warumi wa Sura ya 30 ya Kurani, na Herekali wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa pwani yetu mwaka 1728, ni Heraclius, aliyetawala huko kuanzia 610 hadi 641. Constantinople ilitekwa tarehe 29 Mei 1453 na Sultani Mehmed II wa Waturuki wa Uthmania, naye akajiongezea cheo: Kaisari wa Rum, yaani wa Roma.