911 si namba ya dharura ya dunia nzima

Dhana: Kila penye Kiingereza, piga 911.

Ukweli: Hiyo ni ya Marekani na Kanada. Uingereza ni 999, tangu 1937, Australia 000, New Zealand 111, Ireland 112 au 999. Simu nyingi za mkononi hujielekeza zenyewe kwenye namba ya nchi uliyopo, lakini "nyingi" si zote.

Dhana: Mtu wa dharura akipokea tu, mweleze mkasa wote.

Ukweli: Uingereza, wa kwanza kupokea ni opereta asiye na gari wala askari. Anataka kujua huduma: polisi, zimamoto, ambulensi au walinzi wa pwani. Mjibu kwa neno moja, "Ambulance", la sivyo utayarudia yote kwa mtu wa pili. Australia ni vivyo hivyo, ila jiandae kutaja mji na jimbo. Marekani mara nyingi huanza na anwani: namba ya nyumba, mtaa, mji, namba ya fleti. Simu ikikatika hapo, gari bado lina pa kwenda. Usitegemee ramani ya simu. Inakadiria jengo, haijui mlango.

Dhana: Usipoweza kusema, jifanye unaagiza pizza.

Ukweli: Hakuna msimbo rasmi wa pizza. Uingereza, ukipiga 999 kwa simu ya mkononi, kohoa au gongagonga simu. Ukiambiwa, bonyeza 55, nawe utaunganishwa na polisi. Usipobonyeza, simu hukatwa. Na 55 peke yake haiwaonyeshi ulipo. Meseji kwa 999 hutaka usajili wa mapema: tuma neno "register" kwenda 999, leo, si siku ya moto. Marekani haihitaji usajili, ila si kila kaunti hupokea meseji.

Dhana: Kiingereza kikikupiga chenga, mtafute jirani kwanza.

Ukweli: Piga, taja huduma, kisha sema "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu. Kimya kikiingia, usikate.

Dhana: Simu isiyo na laini hupiga dharura popote.

Ukweli: Marekani, ndiyo, ingawa hawawezi kukupigia ikikatika. Uingereza, hapana.

Dhana: Umepiga kwa bahati mbaya? Kata haraka.

Ukweli: Subiri wapokee, useme ni makosa. Ukikata, Marekani hukupigia tena, na wanaweza kumtuma askari aje kuangalia.