Kabla ya Kujaza Fomu: Utafiti Wako wa Usanifu ni wa Aina Gani?

Msimu huu wa maombi ya vibali vya utafiti Zanzibar tumepokea malalamiko mengi kutoka kwa wanafunzi na mafundi wanaosema fomu zao zinarejeshwa bila sababu. Sababu ipo. Pale panapoulizwa aina ya utafiti, waombaji huandika jina la kozi, au hupaacha patupu.

Mgawanyo tunaoutumia aliuandika Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, mwaka 1993: utafiti kuhusu usanifu (yaani ubunifu wa vitu, si wa majengo tu), kwa ajili ya usanifu, na kwa njia ya usanifu. Tuchukue kilimo cha mwani. Anayefuatilia namna kilimo cha vigingi na kamba kilivyoenea Paje na Jambiani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa nini kina mama wamekishikilia, anatafiti kuhusu usanifu. Yeye hatengenezi chochote. Anayepima joto la maji, uimara wa taitai (vijikamba vya kufungia mwani) na maumivu ya mgongo ya mwenye kushinda ameinama baharini, ili msanifu apate pa kuanzia, anatafiti kwa ajili ya usanifu. (Frayling alilipa kundi hili maana nzito zaidi, ya fikra inayobaki ndani ya kitu chenyewe. Kwenye fomu tunatumia maana hii nyepesi iliyozoeleka.)

La tatu ndilo linalotusumbua. Cottonii, aina mojawapo ya mwani, haistahimili joto la maji ya kina kifupi. Mtu akashona wavu wa mrija, akautia mbegu, akaupeleka kina kirefu. Akaona mwani umebanana katikati, akabadili ukubwa wa matundu, akaandika alichobadili, kwa nini, na kilichotokea. Huyo ametafiti kwa njia ya usanifu. Asiyeandika ametengeneza wavu, na huenda ni mzuri sana, lakini hatuna cha kupitia. Jamani, "nimebuni, basi nimetafiti" si hoja! Bruce Archer, aliyefundisha chuo hichohicho, alishasisitiza kwamba kazi ya utendaji huhesabiwa utafiti ikifanywa kwa utaratibu na maarifa yake yakaweza kufikishwa kwa wengine.

Wapo wanaofuata mgawanyo wa watafiti wengine wa usanifu: Nigel Cross (1999), anayegawa kwa watu, michakato na bidhaa, au Richard Buchanan (2001), anayetenganisha utafiti wa tatizo moja mahususi, wa aina ya matatizo, na wa misingi. Haikatazwi. Yaelezeni kwenye maelezo ya mradi. Kisanduku cha aina ya utafiti kina nafasi tatu tu, na hutiwa alama moja. Mradi wenye sura mbili utiwe alama pale swali kuu lilipo.

Fomu iambatane na barua ya chuo au ya kikundi, muhtasari wa mradi, na majina ya shehia (maeneo ya utawala yaliyo chini ya sheha) zote utakazoingia. Ukiongeza shehia baadaye, unaandika barua ya marekebisho; hupigi simu. Ukifika, unaanza kwa sheha na nakala ya kibali mkononi. Taarifa zilizokusanywa kabla ya tarehe ya kibali hatuzipokei, hata zikiwa nzuri, na anayekutwa akihoji watu bila kibali husimamishwa na kuanza maombi upya.

Jambo jingine, kwa mafundi wa nakshi na wasusi wa ukili hasa: kibali chetu hakilindi mchoro wako. Hayo ni ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA), na ni bora uwaulize kabla hujauonyesha mchoro huo kwenye maonesho yoyote.